Gari la njia ngumu: mafundi wa Nairobi hulibadilisha nini, na sisi wa Pwani tujue nini kabla ya kuwaiga



Kila msimu wa Safari Rally unapokaribia, maswali huniijia kutoka kwa vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu. Mwaka 2024 na 2025 mashindano yaliangukia ndani ya Ramadhani, na baada ya tarawehe baraza nyingi zilikuwa na mada moja tu: magari yale yamefanywa nini hata yakapita pale? Baada ya hilo hufuata swali la pili: je, naweza kulifanyia langu vivyo hivyo?

Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu. La pili nitalijibu kwa tahadhari, kwa sababu gari lililobadilishwa vibaya huua, na wanaokufa mara nyingi ni abiria ambao hawakuulizwa. Bei sitaziandika, maana za leo si za kesho. Mimi si fundi. Nimepita gereji za Kirinyaga Road katikati ya Nairobi, na zile za Ngong Road mpaka Karen upande wa magharibi, nikauliza na kuoneshwa. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo mafundi wenye kazi nzuri wanakubaliana juu yake.

Kanuni ya kwanza: kila safari na chombo chake

Wazee wetu walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Fundi wa jahazi hajengi chombo cha kupita mikoko ya Lamu sawa na cha kuvuka kwenda Bara Arabu. Huuliza kwanza: kitabeba nini, kitapita maji gani, kitarudi lini? Kisha ndipo anaweka mkuku. Gari nalo ni hivyo hivyo.

Mfano mkubwa kabisa unatoka mbali, kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Ernest Shackleton alipeleka gari la kwanza huko mwaka 1908, la aina ya Arrol-Johnston. Kwenye barafu ngumu lilisaidia, lakini penye theluji laini lilizama na kukwama. Miaka 50 baadaye, tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary, yule wa mlima Everest, alifika kwenye Ncha ya Kusini na wenzake wakiendesha trekta za Ferguson. Zilikuwa trekta za shamba, ndugu wa zile tulizozizoea Afrika Mashariki. Walizivisha minyororo ya chuma juu ya magurudumu, wakaweka kibanda cha turubai kuzuia upepo, na wakazifunga kwa kamba moja kwa nyingine, ili moja ikitumbukia kwenye ufa wa barafu nyingine ziizuie. Injini ilibaki ile ile ya shamba. Walibadilisha yale tu ambayo njia yao iliyadai.

Siku hizi kazi hiyo inajulikana zaidi kwa kampuni ya Arctic Trucks ya Iceland. Mwaka 2007 Toyota Hilux zilizotengenezwa nao ziliendeshwa mpaka eneo la ncha ya sumaku ya kaskazini, magari ya kwanza kufika huko. Siri yao kubwa ni tairi. Hutumia tairi pana za inchi 38 na zaidi, kisha hupunguza upepo mpaka tairi inalala kama mkate wa mofa. Gari la kawaida hujazwa upepo wa psi 30 hivi. Wao hushuka hata chini ya 5. Uzito ule ule ukisambaa juu ya eneo kubwa, gari halizami. Mtu wa Pwani analijua jambo hili bila kusoma fizikia: anayetembea kwenye matope ya bahari akivaa viatu vya kisigino hafiki mbali.

Nairobi ilijifunzia wapi

Shule ya Nairobi ni Safari Rally. Ilianza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mwanzo yalikuwa yale yale ya dukani, yakigawanywa makundi kulingana na bei yake. Mvua na vumbi vilifundisha yaliyobaki. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalianza magari zaidi ya 80 na yakamaliza 7 tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Ndiyo maana jina la Peugeot lilikaa kwenye ndimi za wazazi wetu, na ndiyo maana 404 na 504 zilifanya kazi ya kubeba abiria masafa marefu miaka mingi baadaye.

Mtu ninayependa kumtaja vijana wanaponiuliza ni Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi makenika kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Haikuwa gari jipya wala la nguvu kupita yote, ila yeye alijua kila nati iliyokuwemo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, zote kwa Datsun. Halafu zikaja Toyota Celica, zilizoshinda 1984, 1985 na 1986 bila kukatika. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda kwa Celica pia.

Safari iliondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002 na ikarudi mwaka 2021, ikianzia katikati ya jiji kwenye jumba la KICC kisha kuhamia Naivasha. Safari za zamani zilikuwa za maelfu ya kilomita. Za sasa zina chini ya kilomita 400 za kushindania. Umbali umepungua, lakini mawe na vumbi vimebaki pale pale. Mwaka 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, shoki ya nyuma ikavunjika na safari yake ikaishia hapo. Akashinda Sébastien Ogier.

Shule ya pili ni Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangisha pesa za kuzungushia misitu uzio, ukianzia na Aberdare. Hapo mwendo wa kasi hauleti ushindi. Gari lina saa 10 za kupita vituo vilivyotawanywa porini, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Basi watu hukata moja kwa moja, korongo kwa korongo. Magari ya mashindano hayo ndiyo yaliyofanya gereji nyingi za Karen na Lang'ata zijulikane, na maarifa yao huteremka polepole mpaka kwenye Land Cruiser za watalii na za mashirika ya misaada.

Kazi hufanyika wapi

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ni soko la vipuri na mafundi wa jua kali kando ya mto Nairobi. Hapo utapata mtu wa kuchomelea bampa la chuma, wa kukata na kukunja bamba, wa kutengeneza bushi na wa kufufua difu iliyolia. Wana mikono mizuri na bei ya kujadiliana, ila dhamana ni neno la mtu tu.

Ukielekea magharibi kwa Ngong Road mpaka Karen, gereji zinakuwa na ukuta, lifti za kunyanyulia magari na karatasi za hesabu. Huko ndiko yanakotengenezwa magari ya mashindano na ya safari za mbuga. Bei ni ya Karen. Watu wengi hufanya kwa kuchanganya: chuma huchomelewa mjini, kisha shoki na breki hufungwa na wataalamu wa magharibi. Fundi mmoja wa Ngong Road, mzaliwa wa Kisauni, aliniambia anapoletewa gari huanza kwa kulilaza chini ya macho yake kwa saa nzima bila kushika spana. Hutazama kutu, nyufa za fremu, na mahali ambapo mtu mwingine aliwahi kuchomelea.

Nini hubadilishwa, na kwa nini

*Hewa.* Injini hupumua. Vumbi jembamba la Naivasha, sawa na lile la njia za Tana River wakati wa kiangazi, huziba filta na kula pete za pistoni. Bomba la snokeli, lile linalopanda kando ya kioo cha mbele, huchukua hewa ya juu yenye vumbi dogo, na gari likivuka maji injini haivuti maji. Lakini snokeli haifanyi gari kuwa mashua. Pumzi za difu na za gia boksi nazo lazima zipandishwe kwa mipira, la sivyo maji huingia humo na kuharibu oili, nawe hutajua mpaka wiki ya pili.

*Springi na shoki.* Hapa ndipo pesa inapopaswa kwenda kwanza. Springi hubeba uzito, shoki hutuliza mtikisiko. Shoki ya kawaida kwenye njia ya mawimbi hupata moto, oili yake inakuwa nyepesi, na gari linaanza kuruka kama mbuzi. Shoki nzuri ina oili nyingi zaidi na ganda pana la kutoa joto.

*Tairi.* Ukubwa wa tairi una gharama iliyojificha. Ukiweka tairi ambalo kimo chake kimezidi kwa asilimia 10, gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho. Gari litavuta kwa shida, litakula mafuta, na mita ya mwendo itakudanganya: ikikuonesha 80, wewe uko 88. Dawa yake ni kubadilisha meno ya difu, kama wanavyofanya watu wa barafu. Kwa mchanga na matope yetu, mara nyingi haihitajiki tairi kubwa. Inatosha kupunguza upepo mpaka psi 15 au 18, uende polepole, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ndogo ya upepo ni rahisi kuliko tairi nne.

*Tumbo la gari.* Bamba la chuma hufungwa chini ya bakuli la oili, gia boksi na tangi la mafuta. Mabomba ya breki na ya mafuta hupitishwa juu ya fremu au ndani ya gari, mawe yasiyafikie.

*Taa na bampa.* Magari ya Safari ya zamani yalikuwa na bampa nzito za mabomba kwa ajili ya wanyama, na taa za ziada za kumulika kando ya njia. Mengine yalikuwa na vishikio juu ya buti na pa kukanyaga nyuma, ili msaidizi wa dereva asimame pale na kuongeza uzito kwenye magurudumu matopeni. Jambo hilo lilikuwa la mashindano ya enzi hizo. Hakuna anayepaswa kulijaribu leo barabarani.

*Joto na urefu wa nchi.* Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwa upande mwingine, gari lililotengenezwa kwenye baridi ya Karen likishuka kwetu hukutana na joto, unyevu na chumvi. Redieta inayotosha Ngong huenda isitoshe Voi mchana. Na bampa zuri la chuma lililopakwa rangi mara moja tu litaota kutu Nyali kabla ya mwaka kwisha.

*Kujiokoa.* Winchi, kamba, sepetu, na mbao za kuweka chini ya tairi. Mafundi wote niliowauliza waliniambia jambo moja: kamba ya kuvutia ikikatika huua. Weka turubai au koti zito juu yake, na asisimame mtu kwenye mstari wake.

Pale kazi mbaya inapoonekana

Jamaa yangu mmoja alinunua gari lililokwisha kuinuliwa inchi kadhaa katika yadi moja ya Nairobi, ambayo sitaitaja. Lilikuwa linang'aa, limesimama kama ngamia. Akapakia mke, watoto watatu na mizigo ya harusi, wakateremka kuja Mombasa. Karibu na Mazeras, breki ikashuka mpaka sakafuni. Aliokolewa na gia, breki ya mkono, na rehema ya Mwenyezi Mungu kwamba hakukuwa na trela mbele yake.

Fundi alipolitazama alikuta kwamba aliyeinua gari hakurefusha mipira ya breki. Kila gurudumu liliposhuka kwenye shimo, mpira ulivutika kupita kiasi, mpaka siku ukapasuka. Mpira huo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na pesa alizolipa kwa rimu na taa.

Nimelileta hili kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Gari likiinuliwa, kila kilichounganishwa na gurudumu hubadilika: mipira ya breki, pembe ya mhimili wa kuzungusha magurudumu, usukani, na mwanga wa taa, ambao sasa unawapiga wengine machoni. Kitovu cha uzito nacho hupanda, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Ukiongeza kibebeo juu ya paa na madebe ya maji, umepandisha tena. Gari la mashindano lina kizimba cha mabomba ndani, mikanda ya mabegani na watu wawili wenye kofia ngumu. La kwako lina bibi na wajukuu.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki, Sura 403, inamtaka mwenye gari aarifu mamlaka yanapobadilika yale yaliyoandikwa kwenye logibuku, kama vile injini, rangi au aina ya bodi. Kwa sasa mamlaka hiyo ni NTSA. Wenye magari ya abiria wana masharti zaidi. Ujenzi wa bodi zake una kiwango chake cha kitaifa, KS 372.

Bima ni mkataba wa kusema kweli. Ukikata bima ya gari la kawaida kisha ukaligeuza bila kusema, unampa mwenye bima sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Andika barua, weka nakala, na omba jibu la maandishi. Kauli ya ajenti kwenye simu haitakusaidia mahakamani.

Upepo mpya: umeme

Mageuzi mengine makubwa Nairobi hivi sasa ni ya umeme. Kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa ni Roam, ilijulikana kwanza kwa kutoa injini za dizeli kwenye magari ya mbugani na kuweka mota na betri. Mwaka 2024 pikipiki yao ya umeme, Roam Air, ilisafirishwa kwa barabara kutoka Nairobi mpaka Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, ikichajiwa kwa nguvu za jua. Tazama hapa pia kanuni ile ile: hawakutafuta kasi. Walipiga hesabu ya njia, jua na betri, wakatengeneza chombo cha hesabu hiyo.

Na sisi je?

Magari yaliyotumika yanayoingia nchini hushukia bandari ya Mombasa. Land Cruiser pikapu nyingi zinazokwenda porini huunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichochipuka kutoka MIOME ya wazee wetu. Na bado kijana wa Majengo akitaka gari la kwenda Kipini wakati wa mvua, hupanda Nairobi. Mafundi wetu wanaweza kazi hii, na wengine wanaifanya vizuri. Kinachokosekana ni gereji zinazoandika walichokifanya, zinazopima baada ya kufunga, na wateja wanaolipia breki kabla ya taa. Wakulaumiwa wa kwanza ni sisi wateja, kwa kupenda mng'aro.

Kabla hujalipa, Nairobi au Mombasa, muulize fundi haya:

1. Uzito wa gari utaongezeka kilo ngapi, na springi hizi zimetengenezwa kwa uzito gani?
2. Mipira ya breki itarefushwa, na naweza kuiona gurudumu likiwa linaning'inia?
3. Kwa tairi hizi mita ya mwendo itakosea kiasi gani, na difu itabadilishwa?
4. Umechomelea wapi kwenye fremu, na umezuiaje kutu?
5. Utaliendesha pamoja nami kilomita kadhaa, kisha ukaze nati zote upya?
6. Utaniandikia orodha ya kila ulichobadilisha, kwa ajili ya bima na NTSA?

Fundi mwema hufurahia maswali haya. Akikasirika, chukua funguo zako. Na kama njia yako kubwa ni Likoni kwenda Diani na mara moja kwa mwaka Lamu, pengine jibu la kweli ni shoki nzuri, tairi zima, filta safi na dereva asiye na pupa. Hayo yanatosha, inshallah, na pesa itakayobaki ina kazi nyingine nyumbani.